Pale Santuri Inapokwama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Juni, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, tena za moto kama pasi ninayoiacha hapa mezani nikuandikie. U hali gani huko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa pembeni na kujifanya mzima? Mkeo hajambo? Na binti yenu, yale meno ya mbele yameota? Sisi huku tunapumua. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani kutwa. Baba haumwi popote, lakini alianza kukataa chakula, na hilo ndilo lililonikalisha kitini. Nivumilie mwandiko. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Uchafu wote umetoka kwa kaka yetu mkubwa. Tangu ahamishiwe ofisi ya huku na kurudi kuishi nasi, sebule imekuwa yake. Amejaza mitambo, spika ndefu kunizidi, na nyaya nene kama mkono wa mtoto. Kila Jumamosi wanakuja wenzake wawili, daktari wa meno na wakala wa bima, wanafanya kikao cha chama chao. Wanajiita Wasikilizaji. Sisi wengine sijui tunajiita nani, viziwi labda.

Ungewaona ungetapika. Daktari wa meno ni mtu wa santuri. Kabla ya kuipiga analinusa kwanza ganda lake, anafumba macho, kisha anampa mwenzake naye anuse. Wakala wa bima ni mtu wa kanda, zile za magurudumu makubwa, na anasema santuri ni ya washamba. Kaka yetu anayo yote, santuri, kanda, sidii na mafaili kwenye kompyuta, na anaupiga wimbo ule ule kwa kila mtambo huku wenziwe wakibishana upi una “pumzi”. Mashairi hawayajui. Hakuna anayecheza, hata kutikisa kichwa. Siku moja nilipita na beseni la nguo nikawa naitikia kiitikio, wakala akaniinulia kidole kama mwalimu wa zamu.

Na sasa nimekatazwa kushona Jumamosi. Eti mtetemo wa cherehani unapita sakafuni hadi kwenye sindano yao. Nikamwambia kaka, sindano yangu inalisha nyumba hii, yako inalisha nini? Akanijibu kwamba sina sikio. Haya, nikaifunika cherehani. Lakini kumgusa Baba ni jambo jingine.

Unaikumbuka santuri ya Baba, ule wimbo wa kuagana. Aliyeikwaruza ni huyu huyu kaka, utotoni, alipopitisha juu yake kigari chake cha bati. Tangu hapo ikifika “tutaonana kesho” inakwama: tutao, tutao, tutao, mpaka Baba agonge kabati lililobeba gramafoni. Wewe ulizaliwa ukaikuta hivyo, ukakua ukidhani ndivyo ulivyotungwa. Nakumbuka ulivyouimba shuleni, tutao, tutao, tutao, ukagonga dawati, mwalimu akakutoa nje kwa utovu wa adabu. Ulirudi unalia kwamba mwalimu hajui nyimbo.

Baba alikuwa fundi wa lifti, maisha yake yote aliitwa palipokwama. Sasa kumbukumbu zimemtoka. Jina langu hana, la marehemu Mama hana, na viatu vyake anavitazama kama vya mgeni. Lakini ile kazi ya kugonga ilibaki. Kila mlo nilikuwa naiweka santuri kwenye gramafoni yake ya zamani, namketisha karibu na kabati, naketi na bakuli. Tutao, tutao, tutao. Baba anakunja vidole, anagonga, ko! Sindano inaruka, “nana kesho”, naye anapumua kama mtu aliyekwisha kuwatoa watu ndani ya lifti. Kisha anafungua mdomo. Kijiko cha kwanza kikishaingia, vingine vinafuata vyenyewe. Bila kugonga, hali kitu. Kaka anayajua haya, nilimweleza siku aliyohamia.

Basi Jumamosi moja wakaja na zawadi. Daktari wa meno alikuwa na santuri ya wimbo ule ule, ambayo haijawahi kupigwa. Waliiita bikira, mbele yangu, bila haya. Aliitoa kwenye ganda kwa glavu za kazini kwake, na sitaki kujua kama alikuwa amezibadilisha. Kaka akasimama kama anayehutubia: “Baba, leo utausikia wimbo wako kama ulivyoimbwa.” Wakaupiga kwenye mtambo mpya.

Ulifika pale pa “tutaonana kesho” ukapita laini, kama mafuta. Ngumi ya Baba ilikuwa imeshainuka, ikabaki hewani. Wimbo ukaendelea hadi mwisho, na ngumi bado iko juu. Akaitazama, akaishusha taratibu, akaificha chini ya shuka iliyomfunika magoti. Wasikilizaji watatu wamefumba macho, wanasema “safi, safi”. Hakuna aliyemwona. Mchana ule Baba alikaza midomo, na jioni vilevile.

Nikadai santuri ya zamani. “Ile takataka?” kaka akasema. “Tumempa daktari.” Nikajifunga kanga nikaenda kliniki, nimeshika shavu ili yule dada wa mapokezi aniruhusu kupita. Sikuhitaji kupita. Santuri ya Baba ilikuwa ukutani, juu ya vichwa vya wagonjwa. Ameitengeneza saa, mdogo wangu! Tundu la katikati amelipanua kwa keekee yake ya kutobolea meno, mishale miwili inazunguka, na namba zimebandikwa kwa gundi juu ya ile mistari yenyewe. Daktari alitoka akanikuta nimeduwaa, akafurahi akidhani nimependa.

“Ilikuwa mgonjwa, dada,” akasema. “Nimeipa kazi.”

“Ilikuwa na kazi,” nikamwambia.

Hakuelewa. Alitabasamu kwa meno yake yote, meupe pe. Sijawahi kumwonea binadamu kinyaa namna ile, na nimewahi kupima suruali za kila aina ya mwanamume.

Nilirudi nikajaribu nilivyoweza. Niliigonga meza ya mtambo mpya wimbo ulipofika pale, sindano ikateleza ikachana hadi ukingoni, na kaka akapiga ukelele ambao hakuupiga siku tuliyomzika Mama. Kisha akajifanya mwenye huruma. Alikaa kwenye kompyuta, akaukata wimbo na kuuunga, akaleta faili lenye kukwama. “Tatizo lako nimelimaliza,” akasema. Tutao, tutao, tutao. Baba akagonga. Tutao, tutao. Akagonga tena, kwa nguvu, hadi vifundo vikawa vyekundu. Faili halina habari naye, lina kipimo chake lilichowekewa. Lilipojiachia lenyewe, Baba alikuwa ameshaacha kugonga. Aliniangalia kwa aibu, kama fundi aliyeshindwa mbele ya watu. Kaka akaniuliza kama nimeona jinsi kiungo kilivyo safi, huwezi kusikia palipokatwa.

Nilimfukuza chumbani kwa upepeo wa jikoni. Ndiyo, kaka mkubwa, na ndiyo, nilimkosea heshima, na hapana, sitamwomba radhi.

Baba alikuwa ameanza kulegea. Mikono ilibaki mifupa, na nilipomwogesha nilihesabu mbavu bila kutaka. Basi juzi nikaketi mbele yake na bakuli la supu, nikaimba mwenyewe. Unaijua sauti yangu, kama mlango wa stoo. Nikafika pale, nikakwama: tutao, tutao, tutao. Nikamtazama. Yeye akanitazama. Tutao, tutao. Koo limekauka, supu inapoa, nami najiapiza kwamba sitasogea hata silabi moja. Akautoa mkono chini ya shuka. Nilidhani atagonga kabati. Akanigonga mimi, katikati ya paji la uso, ko!

“Nana kesho,” nikaimba, na machozi yananidondokea kwenye supu. Baba akafungua mdomo. Akala bakuli zima.

Sasa ndivyo tunavyokula. Nina kinundu kwenye paji la uso na wateja wananiuliza nani amenipiga.

Leo kaka alikuja mezani, amenywea kidogo. Akasema na yeye anataka kumlisha Baba. Nilimwachia kiti na kijiko, maana ni baba yake pia. Akaimba. Ana sauti nzuri yule mtu, hilo sitamnyima. Alipofika pale nikamwona anaviringa midomo, anajikaza, na mkono wa Baba umeshainuka. Akashindwa. Akapita moja kwa moja, “tutaonana kesho”, kwa ufasaha, kila noti mahali pake. Baba akaurudisha mkono chini ya shuka na kugeuzia uso ukutani. Kaka akabaki na kijiko hewani, akanong’ona kwamba hakuweza kuuharibu. Ilibidi nianze upya mimi.

Ndiyo maana nakuandikia, kitindamimba. Nimechoka kuwa peke yangu, na siku nikiugua Baba atakufa na njaa katika nyumba iliyojaa muziki. Likizo yako ikikaribia, njoo. Usilete mtambo wowote, wala usiusake wimbo huo huko uliko ili ujifunze unavyoimbwa. Njoo unavyoujua wewe. Utaketi mbele yake, utafika pale, utakwama, na hata ukiona aibu, hata kaka akikukodolea macho, hutasogea mpaka baba yako akugonge.

Nisalimie mkeo, na huyo binti mbusu mashavu yote mawili. Shangazi anauliza kama unavaa soksi. Fundi viatu wa mtaani anasema hajakusahau. Kaka hajanituma salamu, lakini nadhani angependa nikupe, basi nakupa. Mungu akulinde njiani na kazini, na akufikishe hapa Baba angali na nguvu ya kuinua mkono.

Wako akupendaye, mwenye kinundu,
Dada yako.