Treni ya Mchana, kwa Ajili ya Ledicia

Ijumaa, 31 Oktoba 2003

Antía amekula ua la marehemu babu yake! Sasa hivi. Nimegeuka kukoroga supu, kugeuka tena, mdomo umejaa manjano. Maua yenyewe yako kwenye ndoo, ya kupeleka makaburini kesho. Nimemtolea kwa kidole, akaning'ata, halafu akacheka. Miaka miwili, na meno kama ya panya. Mama mkwe kasema, mwache, babu yake hakuwahi kumnyima kitu.

Halafu simu ikalia. Brais, mume wangu! Nyumba iko tayari! Kaipanga kimyakimya tangu Septemba, hata kitanda cha mtoto kimo. Barcelona, ghorofa ya nne, lifti hakuna, lakini jikoni kuna dirisha. Tunakwenda, mimi na Antía. Jumamosi ya wiki ijayo. Tangu Brais aondoke Machi nalala na mama yake ukuta kwa ukuta, namsikia anavyokoroma, sasa nakwenda kwangu. Nilimbeba mtoto nikacheza naye jikoni mpaka supu ikamwagika.

Brais anataka tupande treni ya usiku. Mtoto atalala, nami nitalala, asubuhi tuko kituo cha Sants, naye akitoka kupakua masanduku sokoni anatupokea. Kazi yake ni ya usiku, soko la mboga. Nikamwambia nasikia vitanda vya treni ni vyembamba. Hapana, kasema, vyumba vya wanawake ni vizuri, vitanda vinne tu, kuna ndoano ya koti na taa ndogo ya kichwani.

Vyumba vya wanawake! Kule mwanamume haingii. Wao wana vyao. Sasa yeye taa ndogo kaionea wapi?

Nikamuuliza. Ledicia ndiye kaniambia, kasema.

Ledicia.


Jumamosi, 1 Novemba

Makaburini. Sikukuu ya Watakatifu, na mji wetu mzima wa Monforte ulikuwa kule, na waliohama wote wamerudi na maua yao. Brais tu hakuja, soko halifungwi kwa ajili ya wafu.

Ledicia kaja. Ni binti wa jirani, kakua na Brais mlango kwa mlango. Sasa anatengeneza nywele za watu Barcelona, na zake mwenyewe kama za kwenye tangazo la sabuni. Kavaa buti ndefu, kwenye tope lile! Kambusu mama mkwe mara mbili, kaibusu na marumaru ya kaburi la mzee. Halafu kamnyoshea Antía mikono — na Antía akaenda! Huyu anayemlilia hata padri! Akaenda, akamlalia begani, akaanza kuchezea hereni zake. Mimi nikabaki na ndoo.

"Wifi! Nasikia unakuja kwetu!"

Ananiita wifi. Brais kawa kaka yake lini? Na hilo "kwetu"!

Anarudi Jumamosi hiyo hiyo, usiku. Eti tupande pamoja, tulale chumba kimoja, atanishikia mtoto. "Tukifika Brais atatubebea mizigo yote. Huwa anakuja kunichukulia sanduku."

Nikasema, huwa?

"Huwa, ndiyo. Mama ananijazia viazi kama naenda vitani. Nitavibebaje na viatu hivi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Meno tu.


Jumapili, 2 Novemba

Sikumwambia Brais kitu. Lakini kila nikifumba macho naiona ile asubuhi. Treni imesimama. Yeye yuko chini, kachoka, anatazama mlango. Tunatokea wawili. Mmoja kaamka mapema kajipaka, nywele zinameremeta. Wa pili ni mimi, uso umevimba, blauzi ina matapishi ya mtoto. Macho yake yataanza kwa nani? Miezi minane hajaniona! Na yule anamwona kila akipenda.

Sipandi usiku. Nimekata shauri. Treni ya mchana ipo, inaondoka asubuhi, inafika usiku unapoanza. Safari ndefu, najua. Lakini ninashuka peke yangu na mwanangu, basi.

Najituliza kwa kitu kimoja. Siku anaondoka alifungua utepe wa kijani kichwani kwa Antía, akautia mfuko wa shati, akasema nitalala nao huu. Analia kwa siri, Brais, lakini siku ile alilia mbele ya mama yake. Mwanamume wa namna hiyo hawezi kuwa na mambo.

Au anaweza?


Jumatatu, 3 Novemba

Nimekata tiketi. Mzee wa dirishani kanitazama juu ya miwani.

"Mchana? Na mtoto huyu?"

Ndiyo, mchana.

"Mama, usiku unalala tu. Mchana utaihesabu Hispania nzima jiwe kwa jiwe. Na pale León treni inageuka, aliyekuwa anakwenda mbele anakwenda kinyumenyume. Mtoto atakutapikia."

Nikamwambia mwanangu anapenda kutazama ng'ombe.

"Ng'ombe wapo," kasema. "Ng'ombe hawatakosekana."

Nyumbani nikamwambia mama mkwe vilevile, habari ya ng'ombe. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Mkwe wangu," kasema, "ng'ombe hao wana buti ndefu?"

Nilitoka nje kuanika nguo zilizokwisha kukauka.


Jumanne, 4 Novemba

Brais kakasirika. Si kelele, yeye hana kelele. Sauti inakuwa ndogo. Mkifika wakati ule mimi naingia sokoni, kasema, nani atawapokea? Nikasema nitajipokea. Na mlango utaufungua kwa kitu gani, kwa kijiko?



Sawa, kasema, ufunguo utaupata, nitafanya mpango. Mpango gani? Mpango, wewe panda treni tu. Halafu kataka kusikia sauti ya Antía. Antía kashika simu akamwambia, "Ng'ombe!" Kacheka sana baba wa watu. Nikasikia kicheko kile nikataka kuirudisha tiketi. Ningemwona asubuhi, ningemkumbatia hapo hapo kituoni. Sasa nitafika nyumba tupu, kwa sababu ya buti za mtu.

Sijairudisha.


Ijumaa, 7 Novemba

Sanduku limejaa. Nguo zangu nne, za Antía tele. Mama mkwe katutengenezea empanada, mkate uliojazwa samaki na vitunguu, mkubwa kama gurudumu, analia huku akisema ni vitunguu. Vitunguu vilikwishaiva saa nyingi! Nimempenda leo kuliko miaka yote mitatu.

Nimeosha nywele. Nimepiga pasi blauzi ya bluu, nitaivaa tukikaribia kufika. Antía nitambadilisha pia. Tutashuka kama watu wa maana.

Nilikuwa nimeandika hapo, mlango ukagongwa. Ledicia. Kashika tiketi, anaipepea kama bendera.

"Wifi, nimebadilisha! Nakuja na wewe mchana! Ningelalaje kule nikijua unahangaika peke yako na mtoto?"

Mungu wangu!

"Na Brais kanipigia," kasema. "Kaniomba sana."

Kampigia. Yeye. Mpango ni yeye.


Jumamosi, 8 Novemba

Ndani ya treni. Kiti cha dirishani kakipata Antía, magoti ya Ledicia kayapata Antía, empanada nusu kaipata Antía. Anahesabiwa ng'ombe. "Yule mama, yule mtoto, yule mjomba mnene hana kazi." Antía anacheka mpaka anapaliwa. Mimi nipo upande huu na mkoba wa nepi.

Ledicia anaongea na kila mtu. Kuna mzee mbele yetu, anakwenda Burgos, kamwuliza mtoto ni wa nani. "Wa huyu," kasema Ledicia akinionyesha. "Mimi ni wa kubeba tu, kama punda." Mzee kasema hajawahi kuona punda mzuri hivyo. Mimi hakunitazama hata kunisifia mtoto.


Baada ya León

Treni imegeuka kweli. Antía katapika — kwenye buti! Si kwangu, kwenye buti za Ledicia! Mungu anisamehe, moyo uliruka kwa furaha. Lakini yule hakukasirika hata kidogo. Kamfuta mtoto kwanza, buti baadaye, akamwambia, "Malaika wangu, hata mimi ningetapika, viatu vibaya hivi." Nikaona haya. Nikampa kitambaa changu.

Ili atulie, kampa Antía funguo zake achezee. Funguo nyingi, na kidude chenye umbo la mkasi. Antía kazigeuzageuza. Mara kakamata mmoja, akapiga kelele.

"Yangu!"

Utepe wa kijani. Umefungwa kwenye ufunguo. Mwisho wake umechanika palepale alipouchana Antía kwa meno.

Nikasema, ufunguo huo wa wapi? Sauti yangu ilitoka nzuri tu, sijui ilitokea wapi.

"Huo? Wa kwenu. Brais akilala mchana hasikii kengele hata ukivunja mlango. Mimi ndiye niliyempokelea kitanda cha mtoto walipokileta."

Na utepe?

Kautazama kama anauona leo. "Nimepewa hivyohivyo, wifi."

Kautoa ufunguo, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja kwa mkono wake. "Shika. Mwenye nyumba ni wewe. Mimi ngazi zile zimeniua."

Nimekwenda chooni nikakaa na ufunguo. Atalala na utepe, alisema. Atalala nao vipi ukiwa kwenye pochi ya mwanamke? Labda aliufunga ili ufunguo usipotee. Labda ndio kitu chake cha thamani, akautia kwenye kitu cha pili cha thamani. Labda alisahau ni wa nani. Labda! Mwanamume husahau. Ila hasahau sanduku la viazi.


Jioni

Zaragoza imepita. Nje giza linaingia. Antía kalala, mguu mmoja kwangu, kichwa kwa Ledicia.

Nimevaa blauzi ya bluu. Ledicia kanitazama akasema, subiri, huwezi kushuka na kichwa hicho. Katoa chanuo. Nilitaka kukataa. Lakini mikono yake ni laini, na tangu mama yangu afe hakuna aliyenichana nywele. Nikamwachia. Nimemwachia kichwa changu, mjinga mimi.

"Nitazirudisha nyuma ya sikio," kasema. "Brais anapenda hivyo."

Nikageuka nusura chanuo linitoboe jicho. Nikasema, umejuaje anachopenda?

"Tulia! Picha yako ile, ukutani. Ya arusi. Kila anayeingia lazima aonyeshwe, tazama sikio lake, tazama nywele zake. Mpaka tumechoka, wifi. Siku moja nilimwambia, kaka, tumeliona sikio, tupe kahawa."

Nimecheka. Kwa kweli, si meno tu. Halafu nikakumbuka, basi huwa anaingia. Huwa anapewa kahawa.

Sijui nimshukuru au nimsukume nje ya treni.

Nimemwuliza kama Brais amewahi kuja kumpokea jioni. Kacheka. "Jioni? Akikosa zamu moja wanampa mwingine. Ananibebea asubuhi kwa kuwa stesheni iko njiani kwake. Usimngojee usiku huu, tutapanda ngazi sisi wawili na punda mdogo huyu."


Tunakaribia. Taa nyingi mno! Watu wanateremsha masanduku. Ledicia kamwamsha Antía, kampeleka dirishani.

Nimekwisha kufikiri. Utepe nimeufungua kwenye ufunguo. Nitamfunga nao Antía nywele, palepale kichwani ulipotoka. Kesho asubuhi Brais akirudi atauona. Akiniuliza nimeutoa wapi, nitajua. Akiunyamazia, nitajua pia. Nitamtazama usoni tu, sitasema kitu. Halafu nitamtilia kahawa, mimi, kwenye nyumba yangu.

Treni inapunguza mwendo. Antía, njoo kwa mama. Tulia, mwanangu.

Ledicia anapiga kelele kule dirishani! Wifi, wifi, mumeo huyu hapa! Hakwenda kazini! Anakimbia na treni, mwehu huyo, njoo umwone! Na Antía anatikisa kichwa, anataka kumrudia Ledicia, fundo halijakaza bado, utepe unateleza...