Tabaka la Mwisho Malizia Wewe

Baba Watoto,

Kitindamlo cha sikukuu kiko kwenye friji. Matabaka mawili tayari. Malizia la juu: chovya biskuti kwenye maziwa kidogo tu, zisije zikawa uji, halafu krimu, halafu ndizi. Hata wewe usiyejua kuchemsha maji utaweza. Wadogo wasidokoe kabla ya chakula.

Asubuhi nilikuwa napanga biskuti simu ilipolia. Ulipokea wewe, lakini sauti ya muuguzi ilinifikia. Alisema binti yetu amejifungua, na mtoto hakulia. Binti anamtaka mama yake. Ukajibu, "Mama yake hayupo," ukakata. Nami nimesimama nyuma yako, mikono imejaa krimu.

Ulipomfukuza na mimba yake ulisema anakuaibisha. Haya, aibu imekwisha. Limebaki la kuzika.

~~Nitarudi jioni tule pamoja.~~ Msinisubiri. Siku atakapoweza kutembea nitakuja naye, na mlango utafungua wewe mwenyewe.

Wadogo wakiuliza dada yao ana nini, waambie kweli.

Mama wa wote watatu