Baba, Toa Turubai Kwenye Gari

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Mimi mzima, ni joto tu la huku Dar linanimaliza. Nyie hamjambo? Mvua imeshika Endasak? Maharage yamechomoza? Na dada Martha, miguu bado inavimba? Nimemuulizia mwisho lakini barua yote hii ni kwa ajili yake, kwa hiyo kaka Emanueli anayewasomea asiruke hata mstari. Kaka, umesikia? Usiruke.

Baba, juzi nilipopiga simu kukuomba gari itumike ulisema, "Mambo ya mali iliyowekwa kwa mtu hayabadilishwi kwa simu," ukakata. Sikukasirika. Nilipokuachia gari nilifanya kama babu alivyokuwa anaweka ng'ombe wake kwa watu: nilikukabidhi mbele ya shahidi, jirani yetu Mzee Gwandu, na wewe ukaahidi nitaikuta kama nilivyoiacha. Basi naomba Emanueli asimame hapa kwanza, aende kumwita Mzee Gwandu. Mpeni kiti.

Shikamoo, mzee. Sikiliza na wewe.

Ile gari ndogo ya juu, isiyogusa matuta, mnajua niliinunua msimu ule vitunguu swaumu vilipopanda bei mpaka watu wakawa wanalala shambani kulinda. Vilipoanguka bei nikaja huku kutafuta. Nikajisemea, gari ipo, nikirudi nauza, nanunua kiwanja Katesh, nafungua gereji. Wewe, Baba, ukaifunika turubai, kila Jumamosi unaifuta, na Mama anasema kuku wakipanda juu yake unawafukuza kwa fimbo. Zamani nilikuwa nikisikia hivyo nafurahi. Sasa hivi natamani hao kuku waachwe.

Maana huku nafanya kazi kwenye yadi ya magari. Naosha, nasogeza, nasikiliza. Hakuna aliyenifundisha biashara hii, nimeiokota kwa masikio na kwa simu. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, anauza gari aina ileile ya kwetu, mpaka rangi. Viti bado vina nailoni, Baba! Dalali wetu akaizunguka, akaipiga tairi teke.

"Mama, hii ulikuwa unamtunzia nani?"

"Sijaitembeza, mwanangu. Angalia kilometa. Mpya kabisa."

"Kilometa nimeziona. Ya mwaka gani? Halafu namba yako ya zamani, siku hizi mteja anataka namba E, za usajili mpya."

"Lakini ilikuwa imelala!"

"Imelala, mama, na imezeeka usingizini. Tairi zimepasuka, betri imekufa, na zimeshatoka za sura nyingine. Hizi ndogo za juu ni kama nguo za Krismasi. Ikifika Pasaka mtoto anataka nyingine."

Watu wakacheka. Akamtajia bei. Yule mama aliingia kwenye gari yake, akafunga mlango, akakaa tu, na kila akijigeuza ile nailoni inalia chini yake. Mimi nimeshika ndoo, maji yananimwagikia viatuni wala sina habari.

Nikaenda pembeni nikampigia Mama. Nilitaka kuuliza tairi tu! Ndipo akaniambia Martha alipelekwa kliniki kwa pikipiki, wakateleza kwenye tope pale korongoni, wakaanguka, amerudi nyumbani kashika tumbo. Nesi amesema mtoto anacheza, ni mzima, lakini Martha asitikiswe tena, na uchungu unaweza kumshika siku yoyote. Na gari iko uani!

"Kwa nini hamkuchukua gari?" nikamuuliza Mama.

"Baba yako amekataa. Anasema mali ya mtu haichoshwi."

Tangu hapo silali. Simu ikilia naruka, isipolia naiangalia.

Baba, hujafanya ubaya. Umetunza kuliko mtu yeyote. Lakini gari siyo mtamba. Mtamba ukimweka kwa mtu mwaminifu, unarudi unakuta ndama. Gari unarudi unakuta miaka. Ukiitembeza, bei inashuka. Ukiifunika, bei inashuka. Nimewauliza madalali wote hapa, wananicheka mimi. Sasa kama inashuka tu, kwa nini ishuke bure?

Na kwa desturi yetu wenyewe, aliyewekewa ng'ombe anapata nini? Maziwa ni yake. Samadi ni yake. Yupo mwenye ng'ombe aliyewahi kumkataza mtunzaji asikamue? Mzee Gwandu, nakosea? Babu angemkuta ng'ombe wake kiwele kimeharibika kwa kutokamuliwa, angesema ametunziwa? Maziwa ya gari ni safari, Baba. Na wewe hujaikamua hata siku moja.

Basi nasema mbele ya shahidi: ikamue. Emanueli ana leseni. Amlete fundi wa betri leo, siyo kesho, na aangalie ile tairi ya mbele kushoto. Gari igeuzwe, pua ielekee barabarani. Funguo itoke kwenye sanduku lako la nguo, itundikwe mlangoni. Ikichubuka, ichubuke. Kiwanja kitasubiri, na kisiposubiri basi. Martha hasubiri.

Barua nampa kondakta wa basi la Katesh, kaniapia ataifikisha kwa mkono wake.

Msalimieni bibi, anayesema mimi nilizaliwa nakimbia. Mwambieni bado sijasimama. Msalimieni shangazi wa Gitting, na shemeji Daudi huko machimboni akipiga simu, mwambieni mke wake hapandi pikipiki tena. Martha mwenyewe mwambieni siti ya mbele inalala nyuma, kuna kidude pembeni, avute.

Mzee Gwandu, najua Mama ameshaweka chai. Kabla hujainywa, naomba usimame, ushike upande mmoja wa turubai. Baba atashika ule mwingine.

Ni mimi mwanenu, simu mkononi,
Paskali