Programu Iliyokataa Mashine ya Kitale

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Bungoma tuko salama. Mahindi yameota, na mama yako ameacha kukohoa. Unauliza mbona programu uliyonunua inakataa kompyuta yako mpya. Hiyo imefungwa kwa nambari ya mashine ya zamani. Waandikie waliokuuzia, watakufungulia.

Hata mimi, programu ya kuandikia iliwahi kunikataa hivyo. Baba yangu alipofariki, niliandika historia yake ya kusomwa mazishini kwa kompyuta ya kazini. Kabla sijaichapisha, radi ikaiunguza ile kompyuta. Nikabeba diski zangu, zenye programu na ile historia, hadi kwenye kompyuta nyingine Kitale, lakini programu ilitafuta nambari ya mashine iliyoungua, ikakataa kufunguka.

Basi mazishini huko Malakisi kaka yangu alisimama bila karatasi. Mimi nilikuwa nimeandika "mkulima mwenye bidii", kama wanavyoandikiwa wote. Yeye akasema baba akitengeneza baiskeli ya jirani, lazima kabla ya kumrudishia aiendeshe hadi mtoni na kurudi, akipiga kengele.

Mzee mmoja akaita kutoka nyuma, "Si yangu haikuwa na kengele, bana! Aliimba!"

Tulicheka huku tunalia. Ile historia yangu sikuichapisha tena.

Kukhu wako