Jattani Aliposhuka Kutoka Marsabit

Burat, Isiolo
Jumanne

Kwa dada yangu Istahil,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto mko salama huko Garissa. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mguu wa Abba umepata nafuu, na mvua imenyesha kidogo mpaka Gotu.

Uliuliza mkutano wetu uliendaje. Ulienda vizuri. Unajua kwa miaka mitatu tumekuwa tukitengeneza ile programu huria ya kuandika Kiborana kwenye simu, kila mtu akiwa kwao, tukijuana kwa maandishi tu. Safari hii tulikodi chumba hotelini hapa mjini ili tuonane. Kinanu alitoka Meru na ujauzito mkubwa, na hakuna aliyekuwa anajua. Lotukoi, yule mkali wa kukosoa kazi ya wenzake, kumbe ni mpole, anaongea akiangalia chini. Na Jattani akashuka kutoka Marsabit.

Nilimsalimu, akaitikia, akauliza kama huku kuna joto siku zote. Nikasema ndiyo. Baadaye simu yangu ikalia: ameniandikia kuhusu herufi zilizokuwa zikitusumbua, naye amekaa meza hiyo hiyo, viti viwili kutoka kwangu. Nikamjibu kwa simu vilevile. Kinanu alicheka, akasema tuko kama watu waliokosana. Hatukuwa tumekosana.

Dada, mmeniuliza sana kwa nini nilimkataa Halkano aliponiposa, nami nikawa nabadilisha mazungumzo. Ni kwa sababu ya Jattani. Tulikuwa tumependana kwa maandishi, tukakubaliana kwamba mkutano ukiisha aje nyumbani na mjomba wake, waongee na Abba. Siku ya mwisho alinifuata nje, akaniuliza, "Mumina, bado nije?" Nilitafuta ndani yangu yale mapenzi ya kwenye simu, sikuyaona. Nikamwambia asije. Akashusha pumzi, akasema sawa. Tukarudi ndani tukamaliza chai.

Sijalia. Nakula, nalala, nafanya kazi. Jana alituma sehemu yake ya programu. Nikaikagua, haikuwa na kosa, nikaipitisha. Zamani ningemwandikia neno.

Mama hajui lolote, tafadhali usimwambie. Halkano anaoa mwezi ujao huko Leparua. Wameniomba nisaidie kupika, na nitaenda.

Nisalimie shemeji, na watoto uwaambie mama yao mdogo anawakumbuka. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako,
Mumina