Shingo ya Korvina

3 Machi

Shikamoo Baba,

Mgongo unaendeleaje? Na Mama? Sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna.

Saksafoni uliyonipa nimempelekea fundi wa ala. Anasema kabla hajagusa kitu lazima ajue nani aliitengeneza, na jina hilo lililochongwa, "Korvina", hajawahi kulisikia. Kuna muuzaji aliyeiona akacheka, eti ni bati tu. Uliipata wapi?

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, moyo ndio umeniuma. Bati? Niliinunua dukani ikiwa mpya, inang'aa mpaka ukijiangalia unajiona! Mwaka wa kwanza iliimba, watu wakaacha kucheza ili wasikilize. Halafu ghafla sauti ikaanza kuteleza, haikai kwenye noti. Suti, kiongozi wetu wa bendi, akanishusha jukwaani mbele ya ukumbi mzima: "Huyu hana masikio." Kazi ikaishia hapo. Mpaka leo mtaani naitwa Masikio. Hata harusini kwako uliponiomba nipige, nilikataa kwa aibu, nikakudanganya naumwa meno.

Kosa lilikuwa langu, si la saksafoni. Asiitukane mtu.

Baba yako

6 Aprili

Shikamoo Baba,

Salamu zangu zitakuwa fupi, nimekasirika.

Fundi, mama mmoja asiyejua kubembeleza, ameifungua yote. Korvina si kiwanda. Ni jina la duka; zamani maduka yaliagiza ala viwandani, yakachongewa majina yao. Ametazama vikinga vya vitufe, mahali palipogongwa namba, na jinsi ilivyounganishwa. Ni kazi ya kiwanda cha Halbrek, tena kazi nzuri. Ila shingo, kile kibomba kilichopinda kule juu unakopulizia, si yake! Ni ya kiwanda kingine, tundu lake pana mno, na imepigwa tupa ili iingie kwa nguvu. Noti za chini zikikaa sawa, za juu zinakimbia. "Kwa shingo hii," kasema, "hakuna ambaye angepiga sawa. Aliyeibadilisha alijua anafanya nini."

Baba, masikio yako hayana kosa, hayajawahi kuwa nalo. Shingo ya Halbrek inamfaa mwenye Halbrek tu; nani mwingine pale bendini alikuwa nayo?

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Mama yako anakusalimu, mimi sijalala vizuri tangu barua yako.

Ni Suti. Alikuwa akijisifia Halbrek yake kila siku. Nilimfuata kwake, nikamkuta sebuleni na mkewe, nikamuuliza waziwazi. Akacheka. "Ya kale hayo, ndugu yangu. Shingo yangu ilipasuka na tulikuwa tunakwenda kurekodi. Ningekuomba, ungenipa?"

"Ningekupa!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Ningekupa siku ileile! Na kunifukuza je? Hilo nalo ulilihitaji kurekodi?"

Mkewe aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na shingo mkononi. "Chukua, shemeji," akasema, na hakumtazama mumewe.

Sikumsamehe, mwanangu. Usiniombe, wala asitumwe mtu kuniomba.

Shingo iko njiani, nimeikabidhi posta. Fundi aifunge, kisha saksafoni uilete wewe mwenyewe. Mama yako ananiuliza nitapiga wimbo gani. Wimbo baadaye. Kwanza nataka noti moja tu, ile ya juu kabisa, niishike mpaka pumzi iniishie.

Baba yako