Nyota ya Tatu kwenye Ukuta wa Ghala

Shamba la Leinbach,
Njia ya Posta Na. 2,
Lenhartsville, Pennsylvania.
14 Juni, 1952.

Mpendwa Shangazi Estella,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na Bwana Reuben, na kwamba magoti yake yamepata nafuu tangu uliponiandikia wakati wa Krismasi. Ngano ya huko Kansas inasemaje mwaka huu? Sisi hatujambo. Mama bado anakohoa kidogo asubuhi, lakini kikohozi chenyewe hakijampunguzia maneno. Baba yu mzima, na habari zake ndizo zilizonikalisha mezani leo.

Unalikumbuka ghala letu. Pengine unalikumbuka likiwa jekundu. Kwa miaka mingi sasa lilikuwa la kijivu kama punda mzee, mbao zimeanza kupasuka upande wa barabarani, na kila nikimwambia Baba tulipake rangi alinijibu kuwa ng'ombe wanaolala humo hawajalalamika.

Mwezi wa Aprili akaja wakala wa kampuni moja ya tumbaku ya kutafuna. Alisema watalipaka ghala zima bila malipo, mradi upande wa barabarani waandike jina la tumbaku yao kwa herufi ndefu kuliko mtu. Baba akakubali palepale. Mama alikuwa anaanika nguo, akayasikia yote.

"Amandus," akasema, "mimi sitaanika mashuka yangu chini ya tumbaku."

"Basi lipake wewe."

"Nitalipaka."

Shangazi, unamjua Mama. Baba alitupa muda mpaka kuvuna ngano, akidhani anatania. Kesho yake nilikwenda kwa Irwin Dreibelbis, ambaye kwa sasa ndiye fundi wa kupaka maghala rangi na kuyachora katika sehemu zetu hizi. Ni mtu wa mzaha mwingi, lakini mkono wake umetulia. Alikubali kwa sharti kwamba kazi ya kukwangua tuifanye wenyewe. Basi tukakwangua, mimi na Mama, wiki tatu nzima, isipokuwa Alhamisi ya Kupaa, maana Mama haamini kwamba radi inasamehe mtu anayefanya kazi siku hiyo.

Irwin alituchekesha sana. Alituambia kwamba babu zake waliona kupaka ghala rangi ni majivuno, mbao ziachwe kama Mungu alivyoziumba. Baadaye watu wakajifunza kuchanganya mafuta ya kitani, maziwa yaliyoenguliwa, chokaa na ule udongo mwekundu wa machimbo ya chuma, wakaona mbao haziozi. "Majivuno yakageuka kuwa akili," akasema. "Nyota za kuchora ukutani nazo zikafuata. Ukishavaa koti jipya, utakosaje kifungo?"

Siku moja gari kutoka Philadelphia lilisimama, bibi mmoja akashuka kuuliza kama nyota za maghala ya huku hufukuza wachawi. Mama akamjibu, "Zingekuwa zinafukuza kitu, zingeanza na watoza kodi. Tunazichora kwa uzuri tu, mama." Bibi akaondoka na huzuni yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ule ukuta wa barabarani ulikuwa na nyota tatu. Rangi yake ilikwisha kabisa, lakini kumbe pale ilipokuwapo ilizuia mvua isile mbao, kwa hiyo nyota zimebaki zimeinuka kidogo. Ukipapasa kwa kiganja unazisoma. Tulibandika karatasi za kufungia nyama na kusugua mkaa juu yake, nyota zikajitokeza zote, za ncha sita kila moja. Mbili za kwanza zilikuwa sawasawa, na tundu la msumari katikati, pale Babu Jonas, baba yenu, alipofunga kamba yake ya kuchorea duara. Ya tatu haikuwa na tundu. Na ncha yake moja ilikuwa nyembamba kuliko zile nyingine.

Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Majirani walikuja kusaidia kupaka nyekundu, meza imejaa nyama ya nguruwe na maharage mabichi na pai za molasi. Irwin akiwa juu ya jukwaa akaonyesha ile nyota ya tatu, akacheka.

"Huyu fundi siku hiyo alikuwa amekunywa pombe ya matofaa. Ngoja nimnyooshee."

Baba siku zote hizo alikuwa akipita mbali na ukuta ule kama unauma. Sasa akaweka sahani yake chini, akaja mpaka chini ya jukwaa.

"Usiiguse," akasema. "Fundi huyo hakulewa. Alikuwa na miaka kumi na saba na alivaa gauni."

Mimi nilidhani jua limempata.

Ndipo akasimulia, Shangazi, mbele ya wote, kofia mkononi. Kwamba Babu aliumia mguu nyota moja ikiwa imebaki. Kwamba wanaume walipokwenda kinuni, wewe ulipanda ngazi peke yako, na kwa sababu hukutaka nyundo isikike nyumbani, ulishikilia kamba kwa kidole gumba badala ya msumari. Kwamba watu walipoisifu, yeye, kaka yako, wakati huo mwenye miaka ishirini, alisema ameichora yeye, nawe ukamtazama tu. Miaka minne baadaye ukaolewa Kansas, na hujarudi.

"Kwa nyota ile nilipata kazi ya maghala manne," akasema Baba. "Yote nikayaharibu. Lile la kina Moyer mpaka leo wanauliza kwa nini niliwachorea kabichi."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaivaa kofia yake mpaka machoni. Mama akamshika mkono, akampeleka kukaa. Sijapata kuwaona wakishikana mikono mbele ya watu.

Jumatatu wakala wa tumbaku alikuja kuuliza kazi ianze lini. Baba alimkatia kipande kikubwa cha pai, akamwambia ukuta huo una mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Sasa ghala ni jekundu, Shangazi, linaonekana kuanzia darajani. Nyota mbili zimekamilika. Yako nayo imepakwa nyeupe na nyeusi, na ile ncha nyembamba ni nyembamba vilevile. Tumekwama kwenye sehemu yake ya katikati. Zile mbili zina njano, lakini Baba anasema yako haikuwa njano, ilikuwa rangi uliyoichanganya mwenyewe na haikuwamo katika kopo lolote. Mama anasema kijani. Mzee Moyer anaapa ilikuwa hudhurungi, kama ganda la njugu za chestnati. Baba anasema wote waongo, yeye akiwa wa kwanza, na hatamruhusu mtu kubahatisha. Kwa hiyo katikati ni mbao tupu.

Nilimwambia akuandikie yeye. Akasema mkono wake unatetemeka. Mama akasema mbona hautetemeki ukishika uma. Mwishowe alinitamkia maneno haya, nami nayaweka kama alivyoyasema: "Estella, nilichukua nyota yako. Nimesema mbele ya watu. Sitaki uniandikie ni rangi gani. Njoo uipake."

Irwin ameacha jukwaa lake pale ukutani, na amekataa kazi nyingine kwa sababu hiyo. Tunaweza kuja kukupokea kwenye treni ya mjini Reading siku yoyote, hata wakati wa kuvuna.

Nisalimie Bwana Reuben, na binti yako Leora na wanawe. Mama anakusalimu sana, na anasema kitanda cha chumba cha mashariki amekwisha kukitandika. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda,
Lovina Leinbach.